Chuo Kinachomfuata Mwanafunzi

Chuo kikuu huria ni chuo kisichomtaka mwanafunzi ahame kwake ili asome. Mwalimu wa Namtumbo anabaki na darasa lake, muuguzi wa Bariadi anabaki na zamu zake, na masomo ndiyo yanayosafiri. Zamani yalikwenda kwa posta na redio; siku hizi mengi hupita kwenye simu.

Neno "huria" huwachanganya wengi. Uingereza, ambako Open University ilipata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, uhuria ulianzia mlangoni: aliyetaka shahada hakudaiwa vyeti vya sekondari. Vipindi vyake vilirushwa na BBC, vingine alfajiri, vingine usiku watu wakishalala. Tanzania maana yake ni finyu zaidi. Sifa za kujiunga zipo, na asiyezifikia hutafuta njia ya kuzunguka, kama vile kuanza na cheti au stashahada. Kilicho huria ni mahali, saa na mwendo wa kusoma.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Wakati huo nafasi za chuo kikuu nchini zilikuwa haba mno, na maelfu ya watumishi waliokosa nafasi ujanani walikuwa na kazi na familia wasizoweza kuziacha.

Kusoma ukubwani hakukuwa kugeni kwao. Mwaka 1970 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya ngumbaru yakaenea vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili kwa vikundi kando ya redio. Kipindi kikiisha kijitabu kilisomwa kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha majembe yakashikwa na vyoo vikachimbwa. Ni mitihani michache inayopimwa kwa kina cha shimo.

Mwanafunzi wa chuo huria hulipia uniti za kozi alizochukua, hivyo mwenye mfuko mwembamba huchukua chache mwaka huu na nyingine mwakani. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini mwanafunzi wa Kigoma au Lindi hukijua chuo kupitia kituo cha mkoa wake. Huko ndiko anakopata ushauri, vipindi vya ana kwa ana na chumba cha mtihani. Mtihani una msimamizi na saa yake, kama kwingineko.

Kwingine kote yuko peke yake. Saa nne usiku, watoto wakishalala, muuguzi hufuta meza waliyolia ugali na kufungua notisi za saikolojia. Bando likikata, faili lililokuwa likishuka huishia nusu. Siku ya mtihani huomba ruhusa kazini, hupanda basi la alfajiri na kulala kwa shemeji aliye karibu na kituo.

Kujiunga si kazi. Kazi ni kumaliza. Katika chuo cha bweni aliyezembea huulizwa na mwenzake wa chumba. Hapa mtu anaweza kupotea mwaka mzima bila kiti chochote kuonekana kitupu. Msiba, uhamisho, ada ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, kila kimoja kinatosha kusogeza mtihani, na shahada ya miaka mitatu ikavutika hadi sita. Wanaofika mwisho mara nyingi ni wale waliojiundia kikundi: watu wanne au watano wa kozi moja, wanaokutana Jumamosi au kutumiana sauti za WhatsApp, wakigawana mada na kukumbushana tarehe. Ruhusa ya mwajiri nayo ina uzito, kwa sababu zamu ya usiku haiahirishwi kwa ajili ya mtihani wa asubuhi.

Kenya ilianza safari hii ikiwa na vifaa vingine. Open University of Kenya, iliyopewa hati mwaka 2023 na kuwekwa Konza, imejengwa tangu mwanzo juu ya intaneti. Mwanafunzi wake hasubiri furushi la vitabu kutoka posta. Husubiri mtandao ushike.