Je, Wajua? Gari la Kila Siku Katika Mbio za Vumbi
Je, wajua ya kuwa ralikrosi, mchezo wa mbio za magari ulioasisiwa Lydden Hill, jimboni Kent, Uingereza, mwezi wa Februari 1967 kwa ajili ya kutazamwa katika televisheni, haumlazimu mtu kumiliki gari la fahari? Huko Marekani, chama cha michezo ya magari cha SCCA huwaruhusu madereva wa kawaida kuingia na magari yao ya kwendea kazini, kila mmoja akikimbia peke yake baina ya koni, na saa ndiyo kadhi. Aliye na gari livutwalo na magurudumu ya mbele hupata taabu moja mashuhuri, nayo ni kwamba akiivamia kona kwa pupa, pua ya gari huukaidi usukani ikashika njia yake. Na hapo, aghalabu, mgeni huzidisha mafuta, jambo ambalo ndilo baya kupita yote. Dawa ni kuyaachia mafuta mapema, au kugusa breki kwa mguu wa kushoto ilhali wa kulia ungali juu ya mafuta, ili uzito uhamie mbele na mkia uteleze. Mahiri wa hila hiyo alikuwa Erik Carlsson wa Uswidi, ambaye kwa Saab yake ndogo alishinda Rali ya RAC ya Uingereza mfululizo tangu 1960 hadi 1962, na mwaka 1964 akawa wa pili katika Rali ya Safari ya Afrika Mashariki.