Pasi na Umeme Mdogo wa Jioni

Wajukuu zangu, hadithi ya leo inaanzia juu kwenye banio, pale wazee wetu wa Marangu walipokinga mto wakauelekeza kwenye mfongo, yaani mfereji, hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani. Maji yakitoka juu sana, yanashuka kwa msukumo mkubwa. Mfongo ukiwa mwembamba, yanafika machache. Umeme nao una msukumo wake, volteji, unaopimwa kwa volti. Umeme unaopita ni mkondo, tunaupima kwa ampea. Na kile kinachouzuia ndani ya waya ni ukinzani, kipimo chake omu.

Omu imetokana na jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyofungamana: gawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani. Wasomi wengi wa kwao walichelewa kumkubali, kama wengine walivyokuja kumbishia mmisionari Rebmann aliposema kwamba mwaka 1848 aliona theluji juu ya mlima wetu, Kilimanjaro. Wote wawili walisema kweli.

Sasa tuichukue pasi ya kunyooshea sare za shule. Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Tuseme fundi amepima, akakuta pasi inavuta ampea 5. Gawanya 230 kwa 5, unapata 46. Basi waya wa joto ulio ndani ya pasi una ukinzani wa omu 46. Kisha zidisha 230 kwa 5, unapata 1150. Hizo ni wati, nguvu ya pasi.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Jioni watu wamerudi, taa zinawaka, majiko na televisheni vimewashwa. Mkondo mkubwa unapita kwenye waya mrefu kutoka transfoma, na waya huo nao una ukinzani, kwa hiyo sehemu ya volti inapotelea njiani. Nyumba ya mwisho wa laini inapata umeme mdogo. Tuseme zimefika volti 184 tu. Omu 46 za pasi hazijabadilika sana, kwa hiyo 184 gawanya kwa 46 ni ampea 4. Zidisha 184 kwa 4: wati 736.

Tazameni vizuri! Volti zimepungua kwa sehemu moja tu ya tano, lakini nguvu imepungua kwa zaidi ya theluthi. Sababu ni kwamba volti zikishuka, ampea nazo zinashuka, na wati ni zao la hizo mbili. Basi sare ikikataa kunyooka saa mbili usiku, msimlaumu dada yenu.

Kesho, pasi ikiwa imepoa na imechomolewa, igeuzeni msome kibandiko chake. Mkikuta wati 1000 kwa volti 230, gawanyeni 1000 kwa 230 mpate ampea, kisha gawanyeni 230 kwa ampea hizo. Jibu litakaribia omu 53. Hesabu hiyo inatosha kufanywa kwa kalamu na daftari. Kupima umeme ndani ya soketi mwachieni fundi, na vidole vyenu vikae mbali nayo.