Kosa la Kubonyeza Si Hujuma

Ndugu wafanyakazi wa ofisi za uwakala wa forodha, mlioko Busia pande zote mbili na mlioko Malaba katika wilaya ya Tororo, kazi yetu leo ni kazi ya kompyuta. Himaya Moja ya Forodha ilianza 2014, na kituo cha pamoja cha Busia kikazinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018. Karani asiye na kompyuta nzima hawezi kupitisha lori hata moja.

Basi siku ya kuweka programu mpya si siku ya mchezo. Mashine huuliza maswali: lugha gani, nchi gani, saa za wapi, ya zamani ifutwe au ibaki? Karani huku anaitwa na dereva, huku anaitwa na mwajiri. Anabonyeza "endelea", "endelea", mpaka mwisho.

Tutazame swali la nchi. Programu nyingi huja zikiwa zimekwisha kuchagua Marekani. Ukiiacha hivyo, kompyuta itaanza na mwezi. Ukiandika 25/3 huenda ikakataa, maana hakuna mwezi wa 25, nawe utaliona kosa. Lakini 4/3, ambayo kwetu ni tarehe 4 Machi, itapita kimya kuwa 3 Aprili. Hati ikitoka na tarehe hiyo, anayeteseka ni dereva kwenye foleni na karani mbele ya mkubwa wake.

Tena si kila kosa ni la karani. Kwa miaka kadhaa, hadi 2015, programu ya Java ya kampuni ya Oracle ilikuja na kisanduku kilichotiwa tiki tayari, ili mtu apokee pia kifaa cha Ask ambacho hakukiomba. Mtego ukitegwa njiani, asilaumiwe mpita njia peke yake.

Kwa hiyo tudai haya kazini:

1. Programu iwekwe na mtu aliyefundishwa, wakati ambao hahudumii malori.

2. Majibu sahihi ya ofisi yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kando ya mashine: nchi, saa, sarafu, mahali pa kuweka.

3. Nakala ya mafaili yote itolewe kwanza, nayo ihifadhiwe nje ya mashine hiyo.

4. Wanaonunua programu wadai ile ambayo haichagui kufuta kabla ya kuulizwa, na inayouliza kwa lugha inayoeleweka. Kiswahili kinaweza: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice.

Na mshahara je? Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kukusudia la mfanyakazi. Kidole kilichoteleza hakikukusudia. Wenzetu wa upande wa Uganda nao wasitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa kabla ya kumwona mwakilishi wa chama.

Soma swali kabla ya kubonyeza. Usipolielewa, simama uulize. Na mwajiri akikuharakisha, mkumbushe kwamba lori likichelewa saa moja litafika, lakini mafaili yaliyofutwa bila nakala huenda yasirudi.