Atajwe Nani Kwanza, Baba au Mama?

Wajukuu zangu, huo ubishi wenu wa nani mkubwa nyumbani, baba au mama, si mpya. Walimu wa Kiyahudi waliubishania zamani sana, nao kwa ubishi waliwazidi ninyi.

Mwenye Biblia afungue Kutoka 20:12, penye amri ya kuwaheshimu wazazi. Baba katajwa kwanza, mama anafuata. Sasa fungua Walawi 19:3, penye amri ya kuwaogopa wazazi. Mama katangulia! Mwingine angesema mwandishi alipitiwa tu. Walimu wale hawakukubali. Katika Talmudi, hazina kubwa ya mijadala yao, walieleza hivi: mtoto humheshimu mama bila kuambiwa, kwa kuwa mama humbembeleza kwa maneno; na humwogopa baba bila kuambiwa, kwa kuwa baba ndiye anayemfundisha Torati. Basi kwenye heshima akatangulizwa baba, kwenye uchaji akatangulizwa mama. Mtoto hana pa kuponyokea.

Talmudi hiyohiyo inampangia baba kazi zake: amfundishe mwanawe Torati, ampe ufundi wa kujipatia riziki, amwoze. Wengine wakaongeza: amfundishe kuogelea. Kuogelea! Ninyi wa Musoma, mnaolala mkisikia ziwa, hamhitaji kuelezwa sababu. Wenzenu wa Bunda mjini labda. Mama naye, kwa sheria yao ya jadi, ndiye anayempa mtoto Uyahudi wenyewe: aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi.

Wala msidhani watu hao wako mbali mno. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Sasa turudi kwetu Butiama. Mwaka 1922 alizaliwa Kambarage, yule aliyekuja kuwa Mwalimu Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake ni Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake 22. Hebu fikirini boma la wake 22! Baba ni wa wote, lakini mama ni wako peke yako. Kambarage alikua mikononi mwa Mgaya, akimsaidia shambani na kuchunga mifugo. Ila mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi, ni ruhusa ya baba iliyomtoa nyumbani akaenda Shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa kilometa 40 hivi.

Jina la baba, Nyerere, leo limeandikwa kwenye barabara, shule na uwanja wa ndege. La mama je? Liulizeni darasa zima, mhesabu mikono itakayonyooshwa. Kwa kanuni ya wale walimu, anayesahaulika ndiye wa kutangulizwa. Basi siku shule yenu itakapowapeleka Mwitongo, kule Butiama alikozaliwa Kambarage, mwombeni mwenyeji aanze na habari za Mgaya, za mtemi zifuate.