Kupaka Rangi Lango la Chuma

Watu wengi waonapo lango la chuma limeshika kutu hununua kopo la rangi na kuipaka papo hapo juu ya kutu. Hiyo ni hasara tupu, kwa maana kutu huendelea kula chuma chini ya rangi, na rangi hubambuka. Mombasa na pwani yote hewa ya chumvi huzidisha madhara hayo.

Kutu yapasa iondolewe kwa brashi ya waya na msasa. Lakini rangi ya zamani isikwanguliwe kavu: huenda ina risasi, na vumbi lake ni sumu inayodhuru akili za watoto. Iloweshwe maji kwanza, watoto wakae mbali, na mabaki yote yakusanywe.

Lango likisha kukauka kabisa, lipakwe siku hiyo hiyo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba. Rangi ya maji ya ukutani haifai. Mabati mapya yenye zinki ni shauri jingine. Rangi ya mafuta haishiki juu yake, ila itangulie rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa mabati hayo. Sehemu za chini na maungio, ambapo maji ya mvua hutuama, zipakwe mara moja zaidi.