Kuacha Nyumba Si Kuacha Deni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, yatupasa Waislamu tuzungumze habari ya jambo linalowafika baadhi ya vijana wetu walioko ng'ambo, nalo ni kukopa fedha za nyumba, kisha kuihama nyumba hiyo na kwenda zao, wakidhani kwamba deni nalo limebaki pale pale mlangoni.

Katika nchi ya Marekani wako leo watu wetu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Mwambao, na bara, na Kongo. Wengi wao huanza maisha kwa kipato kidogo, na kodi za nyumba mijini ni nzito. Ndipo wengine huvutwa na nyumba ya trela. Nyumba hii huundwa kiwandani juu ya kitako cha chuma, ikatiwa magurudumu, ikakokotwa na gari kubwa mpaka kiwanja itakapokaa. Tangu tarehe 15 Juni 1976 nyumba hizi huundwa kwa vipimo vilivyowekwa na serikali ya nchi hiyo, wala zilizo mpya si vibanda. Zina vyumba vya kulala, na jiko, na hamamu, na bei yake ni ndogo kuliko nyumba iliyojengwa papo hapo juu ya ardhi. Basi si aibu kukaa ndani yake, wala hatukukusudia kuilaumu.

Shida imo katika namna ya kuimiliki. Mtu wa Mombasa ataelewa upesi, kwani kwetu twaijua nyumba bila ardhi. Katika Majengo na mitaa mingine mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwenziwe, akawa akilipa kodi ya ardhi. Kuta ni zake, na ardhi si yake. Nyumba ya trela aghalabu ni vivyo hivyo. Mtu hununua nyumba kwa mkopo, kisha hukodi kiwanja kwa mwenye uwanja. Na kwa kuwa nyumba haikufungamana na ardhi, majimbo mengi huihesabu kuwa ni mali ya kuhamishika, na hati yake hufanana na hati ya gari. Kwa hivyo mkopo wake huwa na riba kubwa zaidi, na muda wake wa kulipa ni mfupi zaidi, kuliko mkopo wa nyumba na ardhi yake. Tena nyumba iliyo juu ya ardhi ya kukodi aghalabu hupungua thamani mwaka baada ya mwaka.

Natufanye hesabu, kwani hesabu haimwonei mtu haya. Tuseme kijana amekopa dola 60,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atatoa dola 579 hivi, na akifika mwisho atakuwa ametoa karibu dola 139,000. Sasa tuseme amelipa miaka mitatu kamili bila kukosa hata mwezi mmoja. Ametoa dola 20,844. Je, deni limepungua kiasi gani? Limepungua dola 3,300 tu. Zilizobaki zote zimekwenda katika riba. Bado anawiwa dola 56,700. Hapa msomaji ataona mwenyewe kwa nini dini yetu imeikataza riba, na kwa nini wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kisha huja mwezi mgumu. Kazi imepunguzwa, au mtoto amekuwa mgonjwa. Kijana hutazama huku na huku, akaona njia moja nyepesi. Hufunga mizigo yake, akaacha ufunguo juu ya meza, akahamia jimbo jingine kwa jamaa yake. Husema: "Nyumba nimewaachia wenyewe, wana nini tena na mimi?" Wanalo la kumwambia, nalo ni refu.

Kwanza, mdai huichukua nyumba na kuiuza. Katika majimbo mengi aweza kuichukua bila hukumu ya mahakama ikiwa imehamwa na hapana fujo, ingawa majimbo hayafanani. Sheria humpasa ampelekee mdaiwa taarifa kabla ya kuuza, na auze kwa njia ya haki ya biashara. Na mdaiwa ana haki ya kuikomboa kabla haijauzwa, akilipa deni lote na gharama. Lakini aliyehama bila kuacha anwani, taarifa hiyo atasomewa na nani?

Pili, nyumba iliyouzwa kwa haraka haileti bei njema. Tuseme imeuzwa dola 25,000, na gharama za kuichukua, kuikokota na kuiuza ni dola 5,000. Katika deni la dola 56,700 zitapunguzwa 25,000, kisha zitaongezwa 5,000. Zabaki dola 36,700, na hizo zi shingoni mwa yule kijana. Nyumba hana, na deni analo. Yako majimbo yanayozuia au kupunguza dai la namna hii, lakini asijitumainie mtu mpaka ameijua sheria ya mahali alipo.

Tatu, mdai aweza kumshitaki. Mtu asipoitika mwito wa mahakama, hukumu hutolewa yeye hayupo. Baada ya hukumu, mshahara wake waweza kukatwa huko kazini kabla haujafika mkononi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani imeweka mpaka: kwa deni la kawaida haikatwi zaidi ya robo ya mshahara uliobaki baada ya kodi na makato ya lazima. Basi mwenye kubakiwa na dola 600 kwa juma aweza kukatwa dola 150 kila juma. Majimbo machache, kama Texas na Pennsylvania, hayaruhusu mshahara kukatwa kwa deni kama hili. Lakini fedha zilizomo benki huweza kushikwa, na hukumu huweza kudumu miaka mingi.

Nne, jina lake huandikwa kwa ubaya. Ziko kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, zinazoweka daftari la kila mkopaji, na habari ya deni lililoachwa hukaa humo miaka 7. Mwenye nyumba ya kupangisha hulitazama daftari hilo, na muuza magari hulitazama, na waajiri wengine pia. Aliyekimbia nyumba moja atabisha milango mingi kabla hajafunguliwa nyingine.

Tano, iko kodi. Mdai akisamehe deni la dola 600 au zaidi, aghalabu huiarifu idara ya kodi kwa karatasi iitwayo 1099-C, na fedha zilizosamehewa huhesabiwa kuwa ni pato la mwaka ule. Yule ambaye madeni yake yalizidi mali yake wakati wa kusamehewa aweza kuepushwa na kodi hiyo kwa kadiri yalivyozidi, lakini lazima aeleze katika hesabu zake, akinyamaza, atadaiwa.

Sita, mwenye uwanja naye ana haki yake. Kodi ya kiwanja huendelea kwa mujibu wa mkataba, hata nyumba ikiwa tupu. Na ikiwa mkopo ule ulitiwa saini na mdhamini, awe ni mke, au ndugu, au rafiki wa msikitini, mdai atamgeukia yeye. Hili ndilo baya kuliko yote, kwani mtu amekimbia mzigo wake na kumtwisha aliyemfanyia hisani.

Wako vijana wasemao: "Fedha hizi zilikuwa za riba, na riba ni haramu, basi sina deni." Maneno haya yana utamu ulimini, na ndani yake mna sumu. Ni kweli kwamba riba ni haramu, na aliyeingia mkataba wake yampasa atubu na asirudi. Lakini katika Sura Al-Baqara, aya ya 279, Mwenyezi Mungu amemwachia mwenye kutubu riba rasilmali yake, ili asidhulumu wala asidhulumiwe. Basi rasilmali ni haki ya mwenyewe, awe Mwislamu au asiwe. Uharamu wa riba haukuifanya mali ya watu kuwa halali kwetu. Ama hiyo ziada ambayo sheria ya nchi humlazimisha kuilipa, na amulize mwanazuoni aliye karibu naye, wala asijitolee fatwa mwenyewe.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba katika Sala yake aepushwe na deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mwenye deni husema akadanganya, na huahidi akavunja. Tazameni jinsi maneno hayo yanavyomsadiki aliyekimbia: hubadili nambari ya simu, huwafunza watoto kusema "baba hayupo", naye yuko chumbani. Deni limeanza na dola, na limemalizika kwa kuharibu ulimi wa mtoto.

Basi afanyeje aliyezidiwa? Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa dawa yake ya kwanza ni kusema. Na amwendee mdai kabla hajakosa mwezi wa kwanza, aombe malipo yapunguzwe au muda uongezwe. Akiona hawezi kabisa, aombe ruhusa aiuze nyumba mwenyewe, kwani bei ya mwenye kuuza kwa utaratibu hupita bei ya mnada. Akitaka kuirudisha kwa hiari, na ajue kwamba kurudisha peke yake hakufuti deni. Apate kwanza maandishi yanayosema kwamba baki imesamehewa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, na kusamehewa deni nako kwataka kuandikwa. Barua ya mahakama ikija, aijibu. Nchini humo wako washauri wa nyumba walioidhinishwa na wizara ya nyumba, ambao hutoa shauri bure au kwa ada ndogo. Na awaendee hao kabla ya kuwaendea wenye kuahidi miujiza kwa malipo.

Nasi tulioko huku nyumbani tuna sehemu yetu. Mara nyingi kijana huko ng'ambo hukosa kulipa kwa sababu ametuma fedha za harusi, na za mabati, na za simu mpya ya mdogo wake. Hatumuulizi deni lake li wapi; twamuuliza mbona amechelewa kutuma. Tukijua kwamba ana mkopo shingoni, tumpunguzie madai, na tumwambie: "Lipa kwanza deni lako, mwanetu, sisi tutasubiri." Neno hili ni bora kuliko karamu. Na jamaa za misikiti zikumbuke kwamba wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Aliyekopa kwa dhiki na akashindwa kwa dhiki, atazamwe kwa jicho la rehema, na wanazuoni waulizwe fungu lake.

Enyi vijana wetu, deni halikai ndani ya nyumba hata mkaweza kulifungia humo. Lakaa shingoni, hukuandameni jimbo hata jimbo, na mtu akifa nalo ni la kutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Kabla ya kutia saini, ulizeni mambo manne: riba ni kiasi gani, ardhi ni ya nani, nikishindwa itakuwaje, na nani atadaiwa pamoja nami. Asiyepata jibu la hayo manne, na aweke kalamu chini.

Twamwomba Mola atutosheleze kwa halali yake, awalipie madeni wenye nia ya kulipa, na atulinde sisi na watoto wetu na udhalili wa kukimbia haki za watu. Amin.