Magari ya Rimoti (3): Yakimbie Juu ya Nini?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulipima kiwanja na kuchora kona. Sasa tumefika penye ugomvi. Mwenye gari la njia za vumbi anataka udongo na vilima vya kurukia. Mwenye gari lenye bodi ya saluni anataka lami. Na yule aliyetazama video nyingi za Ulaya anataka zulia, hata kama hana paa la kuliwekea. Kila mmoja anatetea anachokipenda. Mimi ningewauliza kwanza mambo yasiyo na raha: maji yatatoka wapi, paa ni la nani, na nani atakuwa anafika saa mbili kabla ya wenzake kila Jumamosi?

Tukumbuke pia udogo wa kinachokimbia. Gari la kipimo cha 1:10 la mbio za lami huwa limeinuka milimita 5 hivi tu kutoka chini. Kokoto ya sentimita 1, ambayo soli ya kiatu chako haiihisi, kwake ni sawa na jiwe la sentimita 10 mbele ya gari la kweli. Kwa hiyo maegesho yaliyopangwa pevingi, ambayo machoni petu ni bapa kabisa, kwa gari hili ni matuta yasiyokwisha. Kila mfereji kati ya tofali na tofali unaligonga tairi, na gari linafika kwenye kona likiwa bado linarukaruka.

Haya, udongo. Huku ndiko magari ya vumbi yalikotokea, na mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya vumbi ya umeme ya kipimo cha 1:10, mwaka 1985 huko Del Mar, California, yalifanyika juu ya udongo. Sijui ardhi nyingine inayomfikirisha dereva kama hii, kwa sababu haikai hali moja. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na utando mwembamba wa maji ulio katikati yake ndio unaozishikanisha. Maji yakizidi, chembe zinateleza na matairi yanajaa matope. Yakipungua, tabaka la juu linaachia na kuwa vumbi. Katikati hapo kuna kipindi kitamu, na jua la saa saba likishirikiana na upepo hukimaliza upesi. Aliyechagua udongo, basi, amechagua kumwagilia: maji mengi usiku wa kuamkia mashindano ili yazame, kidogo asubuhi, kisha ya kunyunyiza tu kati ya raundi na raundi. Akiyamwaga yote asubuhi, raundi ya kwanza itakuwa ya kusukuma magari kwa mkono.

Na si kila udongo unafaa. Lowesha kiasi cha kiganja, uviringishe mpaka uwe na unene wa penseli. Ukimeguka kabla ya kufika hapo, mchanga umezidi. Ukikubali, tia mwingine kwenye chupa ya kioo, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Mfinyanzi waweza kuchukua siku nzima au zaidi, maji ya juu yakiwa bado na ukungu. Yakitakata utakuta tabaka zimejipanga zenyewe, nawe unazipima kwa rula. Msivutwe na ule udongo mweusi wa mbugani, ingawa una mfinyanzi tele: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza gurudumu. Moramu nyekundu ni afadhali, mradi ipitishwe kwanza kwenye wavu ule wa mafundi wa kuchekechea mchanga, maana imejaa vijiwe.

Huko Marekani kuna viwanja vya ndani vya mfinyanzi vilivyoshindiliwa na kupitiwa na magari hadi vikang'aa, na mpira wa matairi huacha mstari mweusi pale wanapopita wote. Mgeni hushangaa kuona gari la vumbi limevishwa tairi kipara. Lakini ardhi ikishakuwa ngumu na nyororo hivyo, meno ya tairi hayana pa kuchoma, na kinachoshika ni mpira mwingi uliolala chini. Wapo pia wanaotia kalsiamu kloraidi kwenye maji ya kumwagilia, chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani. Vumbi linatulia kweli, ila beringi na skrubu zinalika. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ambaye hewa ya bahari tayari inamlia vyuma, sishauri.

Waliochoka na habari za mpira wa maji wamehamia kwenye zulia. Mwaka 2019 mashindano yaleyale ya dunia yaliyoanzia Del Mar yalifanyika ukumbini huko Trenčín, Slovakia, na magari yaliyobuniwa kwa ajili ya vumbi yakagombea ubingwa juu ya zulia. Kuna wanaoguna kwamba huo si mchezo wenyewe. Mimi naona wana hoja, ila zulia lina jambo moja lisilobishika: lilivyo Ijumaa ndivyo litakavyokuwa Jumapili, kwa hiyo anayeshindwa hana ardhi ya kuilaumu. Uingereza vipo vilabu vinavyokodi ukumbi wa shule kwa jioni moja, vikatandika, vikakimbiza, vikakunja na kuondoka.

Ila liwe zulia lile bapa, gumu, lisilo na manyoya. Zulia la sebuleni litawaumbua siku ya kwanza, nyuzi zikijisokota kwenye ekseli na gia hadi mota ipate moto. Sakafu ya chini yake iwe saruji iliyosawazika, na maungio yashikwe kwa utepe wenye gundi pande mbili. Tatizo la zulia ni kushika kupita kiasi: gari linaingia kwenye kona, tairi halitelezi hata kidogo, na gari linabinuka. Madereva hulishusha gari chini zaidi, kisha hupaka gundi kali ubavuni mwa tairi, upande wa nje. Gundi ikikauka, ubavu unakuwa mgumu, hauumi tena zulia.

Saruji iliyopigwa msasa ikang'aa waachieni wa drifti, ambao huvaa matairi magumu ya plastiki na kuteleza ndiyo raha yao.

Kikundi kisicho na paa wala bomba la maji kianze na lami. Tafuteni iliyo laini, isiyo na kokoto zilizochomoza, nanyi mfagie mpaka mchoke. Joto ndilo la kuangaliwa: lami ya mchana kwetu yaweza kupita nyuzi 50, na tairi laini huisha upesi hapo. Matairi ya chapa ya Sorex huandikwa namba kama 28, 32 na 36, na namba kubwa ndiyo ya lami ya moto. Lami ikikataa kushika, wenzetu wa Marekani na kwingineko hunyunyizia maji ya sukari yakakauka, yakaacha utando wa kunata. Inafanya kazi, na sisimizi nao watapata habari. Mvua ikinyesha yote yanaoshwa, na mtunza hazina anatumwa tena dukani.